Shajara ya Mradi: Bayogesi kutoka Nyasi za Kudumu kwenye Udongo wa Peti Uliorudishiwa Maji

Machi

Mradi unaanzia kwenye shamba la peti lililokaushwa kwa mifereji miongo mingi iliyopita, katika ukanda wa baridi, na kusudi lake ni kulirudishia maji bila kuacha kulivuna. Peti ni udongo uliojengwa na mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kikamilifu kwa kuwa maji yaliizuia oksijeni isiyafikie. Ardhi ya aina hii imefunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini kaboni iliyohifadhiwa humo ni nyingi kuliko ile iliyomo katika miti ya misitu yote. Mfereji unapochimbwa, oksijeni huingia, vijidudu huanza kuila akiba hiyo, ardhi hudidimia, na kaboni iliyotulia chini kwa maelfu ya miaka hupanda angani ikiwa hewa ukaa.

Naiweka hesabu ifuatayo kwenye ukurasa wa kwanza kwa sababu ndiyo itakayopima kila uamuzi wetu. Nyongeza ya miongozo kuhusu ardhioevu iliyotolewa na IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi), ile inayojulikana kwa mwaka wa 2013, inakadiria kwamba peti iliyokaushwa na kulimwa mazao ya msimu katika ukanda wa baridi hupoteza wastani wa tani 7.9 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, ambazo ni takriban tani 29 za hewa ukaa. Tuseme shamba hilo limepandwa mahindi ya kulisha mtambo wa bayogesi na kila hekta inatoa mita za ujazo 5,000 za methani, ile gesi inayowaka iliyomo katika bayogesi. Mita moja ya ujazo ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, hivyo hekta inatoa kilowati-saa 50,000. Kuchoma gesi asilia kwa kiasi hicho cha nishati kungetoa karibu tani 10 za hewa ukaa. Maana yake ni kwamba tumeepusha tani 10 kwenye bomba la gesi na kupoteza tani 29 ardhini, kabla hata ya kuhesabu mbolea na dizeli. Hakuna ufanisi wa mtambo, wala ujuzi wa fundi, unaoweza kuifuta tofauti hiyo. Bayogesi ya mahindi yaliyolimwa kwenye peti iliyokaushwa haistahili kuitwa nishati safi, na naona ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi katika kila kikao tutakachoitwa.

Kwa hiyo katika mradi huu maji yanatangulia, na gesi inafuata. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila sentimita 10 ambazo usawa wa maji unapandishwa kuelekea juu hupunguza athari ya gesi joto kwa angalau tani 3 za hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka, mpaka maji yafike sentimita 30 chini ya uso wa ardhi. Na faida inaendelea hata baada ya hapo, mpaka maji yakaribie sentimita 10, ambapo methani inayotoka ardhini huanza kuila. Lengo letu ni kuyaweka maji karibu na sentimita hizo 10 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyasi, mashine, tarehe ya kukata na hata aina ya tangi vitachaguliwa kulingana na sharti hilo, na pale vitakapogongana nalo, sharti ndilo litakalobaki.

Aprili

Kilimo cha kuvuna peti ikiwa na maji kilipata jina lake la kitaalamu, paludikacha, katika Chuo Kikuu cha Greifswald nchini Ujerumani miaka ya 1990. Orodha ya mimea inayofaa ni ndefu, na si yote inayofaa kwa gesi. Matete, yaani Phragmites australis, yanazaa sana na yanapenda maji yaliyotuama, lakini shina lake hukomaa haraka likawa mti, na thamani yake iko zaidi katika kuezeka na kujengea. Typha, mmea mwingine wa kinamasi, nayo ina majani mepesi yenye vyumba vya hewa ambayo yanatafutwa kwa ajili ya kutengeneza vihami joto. Kwa tangi la bayogesi tunahitaji nyasi yenye majani mengi, inayostahimili kukatwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na ambayo mizizi yake haifi maji yanapobaki juu kwa wiki kadhaa.

Tumechagua Phalaris arundinacea iwe nyasi kuu, na sehemu ya pili ya shamba tumeiotesha festuka ndefu, Festuca arundinacea. Phalaris ina tishu za hewa zinazoipitisha oksijeni kutoka majani hadi mizizi, na ina vishina vinavyotambaa chini ya ardhi na kuufunga udongo, jambo ambalo litakuwa na uzito mkubwa siku ya kuingiza mashine. Festuka inavumilia maji kidogo kuliko phalaris, hivyo imewekwa upande ulioinuka. Kwa nini zote mbili ni za kudumu? Kwa sababu kulima kila mwaka kunaipindua peti na kuipa hewa upya, na kwa sababu trekta la kulimia lingedai maji yashushwe kila majira ya kuchipua. Nyasi ya kudumu inatudai kazi hiyo mara moja tu.

Mbegu za phalaris ni ndogo na hazioti vizuri zikizama, kwa hiyo maji yameachwa chini kidogo wakati wa kupanda na yatapandishwa hatua kwa hatua kadiri miche inavyorefuka. Mwaka wa kwanza mavuno huwa madogo. Nyasi hii hutumia nguvu zake kujenga mizizi, na ni kuanzia mwaka wa pili ndipo shamba huonyesha uwezo wake. Phalaris vilevile ina tabia ya kutawala, na katika ardhioevu za Amerika Kaskazini inahesabiwa kuwa mvamizi anayeisonga mimea mingine. Tunaipanda mahali ambapo ni mmea wa asili, na anayetaka kuiga mradi huu kwingineko achunguze kwanza mimea ya kwao ya kinamasi.

Mei

Mifereji mikuu imezibwa kwa vizuizi vya mbao na udongo, vyenye mbao za juu zinazoweza kuongezwa au kutolewa ili kurekebisha usawa wa maji. Mabomba yenye matundu yamesimikwa shambani kwa ajili ya kupimia maji ya ardhini, na chemba za kupimia gesi zimewekwa juu ya fremu zilizokita ardhini tangu mapema, ili udongo uliosumbuliwa utulie kabla ya vipimo.

Kabla ya kupandisha maji tuliikata nyasi yote ya zamani na kuiondoa shambani. Kazi hiyo haionekani kuwa na maana kwa mtu anayepita, lakini majani mabichi yanayofunikwa na maji huoza bila oksijeni na kutoa methani kwa wingi, na shamba linalorudishiwa maji juu ya majani yake huanza safari kwa deni. Hatari nyingine ni fosforasi: katika udongo uliotiwa mbolea kwa miaka mingi, fosforasi imeshikwa na chuma, na oksijeni inapoisha chuma hicho hubadilika kikaiachia fosforasi ndani ya maji. Ndiyo maana sampuli za maji zinachukuliwa pia chini ya vizuizi, si shambani tu.

Juni

Huu ndio mwezi wenye mvutano mkubwa kuliko yote, maana tarehe ya kukata ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Nyasi changa ina majani mengi, sukari na protini, na lignini yake, yaani ile maada inayolipa shina ugumu wa mti, ni kidogo. Kadiri shina linavyorefuka na maua kutoka, selulosi na hemiselulosi huzungushiwa lignini, na lignini haiyeyushwi na vijidudu vya tangi la bayogesi. Si kwamba haitoi gesi yenyewe tu, bali inakinga pia selulosi ambayo ingeweza kutoa gesi. Kwa upande mwingine, anayekata mapema mno anapata uzito mdogo kwa hekta na majani yaliyojaa maji. Swali la kweli, basi, linahusu hekta nzima: ni ratiba gani inayotoa methani nyingi zaidi kwa mwaka kutoka eneo lilelile, ukichanganya ubora wa kila kilo na wingi wa kilo.

Majaribio yaliyofanywa Denmark kwenye peti yenye maji katika bonde la mto Nørreå yametupa mwanga mzuri. Phalaris iliyokatwa mara mbili kwa mwaka ilitoa methani kwa hekta karibu nusu zaidi kuliko iliyokatwa mara moja, kwa sababu mkato wa kwanza unachukuliwa kabla shina halijawa gumu na machipukizi ya pili yanakuwa majani matupu. Tumeifuata ratiba hiyo: mkato wa kwanza umefanyika maua yalipoanza kuchomoza, na wa pili umepangwa mwanzoni mwa vuli.

Ratiba hii inapingana na desturi ya wanaovuna kwa ajili ya kuchoma. Huko Malchin, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, kuna mtambo wa joto ulioanza kazi mwaka 2014 unaochoma nyasi kavu kutoka malisho yenye maji na kupasha nyumba za mji. Kwa tanuri, nyasi iliyochelewa ni bora, kwa kuwa potasiamu na klorini zimekwisha kurudi mizizini au kuoshwa na mvua, na majivu hayayeyuki wala kushika kuta. Kwa tangi, nyasi iliyochelewa ni nusu mti. Sioni sababu ya njia hizi mbili kugombana: mahali ambapo mashine haziwezi kuingia hadi ardhi igande, kuchoma kunafaa, mahali panapoweza kukatwa katikati ya majira ya joto, gesi inafaa.

Ndege wanaotaga chini nao wana haki yao katika ratiba hii. Mkato wa Juni unaangukia kwenye makinda, na tulikubaliana kuacha vipande vipana visivyokatwa, kuanza kukata kutoka katikati kuelekea pembeni ili wanyama wapate njia ya kukimbilia, na kuacha kabisa maeneo yenye viota vilivyoonekana. Upungufu wa mavuno unaotokana na hatua hizi tumeuandika kama gharama ya mradi, na hatutatafuta njia ya kuufidia.

Kuhusu mashine, trekta la kawaida halina nafasi hapa. Peti iliyolowa haina nguvu ya kubeba, na gurudumu moja likipasua tabaka la mizizi, pengo hilo linabaki kuwa dimbwi kwa miaka. Tumetumia mashine ya minyororo mipana iliyogeuzwa kutoka kwenye ile ya kusawazishia theluji, ambayo uzito wake umesambazwa juu ya eneo kubwa. Mashine yenyewe haikuwa tatizo kubwa kama safari zake. Kila shehena lazima itolewe shambani, na njia moja ikipitiwa mara nyingi huchanika hata chini ya minyororo mipana. Kwa hiyo njia za kutokea zimetandikwa matete yaliyofungwa mafungu, njia hubadilishwa kabla haijachoka, na dereva haruhusiwi kugeuza kwa kona kali. Wale wanaopanga miradi kama hii wakiwa mezani huhesabu hekta na tani. Nawasihi wahesabu pia idadi ya mara ambazo kila mita ya ardhi itakanyagwa.

Julai

Nyasi iliyotoka kukatwa ilikuwa na maji mengi mno kuhifadhika, na kuianika juu ya ardhi yenye maji kulikuwa kwa shida kwa sababu unyevu unapanda kutoka chini. Tuliiacha inyauke juu ya mabua yaliyoachwa marefu kidogo, kisha ikakatwakatwa vipande vya urefu wa sentimita mbili hivi na kushindiliwa kwenye shimo la saileji, yaani nyasi inayohifadhiwa kwa kuchachushwa bila hewa. Saileji nzuri inataka uzito mkavu wa asilimia 28 hadi 35, sukari ya kutosha kwa bakteria wa asidi laktiki, na hewa kutolewa haraka. Nyasi za kinamasi zina sukari kidogo kuliko nyasi za malisho, kwa hiyo tuliongeza bakteria wa asidi laktiki ili kuishusha pH karibu na 4 kabla bakteria wa asidi butiriki hawajaishika nafasi. Shimo limefunikwa na kuwekewa uzito siku hiyohiyo. Maji yanayochuruzika yanakusanywa na kupelekwa tangini, kwa kuwa yana nishati, na yakiachwa yatiririke mtoni huua samaki.

Septemba

Vipimo vya maabara vya uwezo wa kutoa methani vimekamilika kwa mkato wa kwanza. Naeleza utaratibu kwa urefu kidogo, kwa sababu takwimu za methani za nyasi zinazosambaa hutofautiana sana, na sehemu ya tofauti hizo inatokana na namna zilivyopimwa.

Mbegu ya vijidudu tumeichukua kutoka mtambo unaofanya kazi, ikaachwa kwenye joto bila chakula mpaka gesi yake yenyewe ikapungua. Katika kila chupa, maada ogania ya mbegu (uzito mkavu ukiondoa majivu) ilikuwa maradufu ya maada ogania ya nyasi, ili asidi zisirundikane. Kila sampuli ilikuwa na chupa tatu. Chupa nyingine zilikuwa na mbegu pekee, na nyingine zilikuwa na selulosi safi. Chupa za selulosi ndizo hakimu. Kinadharia selulosi inaweza kutoa lita 414 hivi za methani kwa kilo ya maada ogania, na jaribio linalotoa chini ya lita 340 au zaidi ya 395 linastahili kutupwa lote, pamoja na matokeo ya nyasi yaliyomo. Gesi yote imegeuzwa kuwa katika hali ya nyuzijoto sifuri na kanieneo ya angahewa, na jaribio lilisitishwa pale gesi ya siku ilipopungua chini ya asilimia 1 ya jumla kwa siku tatu mfululizo. Selulosi yetu ilibaki ndani ya mipaka, kwa hiyo tunayaamini matokeo.

Kwa saileji kuna mtego mmoja ambao wasomaji wa maabara wanapaswa kuujua. Uzito mkavu hupatikana kwa kukausha sampuli kwenye nyuzijoto 105, na kwenye joto hilo asidi tete na pombe zilizotengenezwa shimoni hupotea hewani. Mpimaji anaziona kama maji, ilhali tangini zitakuwa methani. Bila kusahihisha, maada ogania huonekana kuwa kidogo kuliko ilivyo, methani kwa kilo huonekana kuwa nyingi, na mtu anaweza kutangaza kwamba kuhifadhi nyasi shimoni kunaongeza gesi wakati kilichoongezeka ni kosa la kipimo. Matokeo yetu yote ya saileji yamesahihishwa kwa asidi tete.

Majani na mashina vilipimwa mbalimbali. Katika nyasi changa havikutofautiana sana. Mashina yaliyokomaa ndiyo yaliyobaki nyuma, na mwendo wao ulikuwa wa taratibu tangu siku za mwanzo. Mwendo huo una uzito sawa na jumla ya mwisho, maana nyasi inayohitaji muda mrefu inadai tangi kubwa.

Oktoba

Mkato wa pili umefanyika, na mavuno yalikuwa majani matupu, laini na ya kijani. Kazi ya mwezi huu, hata hivyo, ilikuwa rutuba. Kukata nyasi ikiwa kijani kunaondoa shambani naitrojeni, fosforasi na potasiamu ambazo zingerudi mizizini kama nyasi ingeachwa hadi majira ya baridi. Kwa fosforasi hilo ni jambo jema, maana tunaitoa ile ile ambayo ingevujia mtoni. Kila shehena inayoondoka inasafisha maji. Naitrojeni bado inatolewa na peti inayooza polepole. Potasiamu ndiyo inayokwisha kwanza, kwa kuwa peti haina madini ya kuishikilia, na nyasi inayokosa potasiamu hupungua mwaka hadi mwaka bila dalili ya ghafla.

Suluhisho linaloonekana ni kurudisha bayoslari, yaani tope linalobaki tangini baada ya gesi kutoka, ambayo potasiamu yote imebaki ndani yake. Lakini bayoslari ina pia naitrojeni nyingi ya amonia, na kuimwaga kwenye ardhi yenye maji karibu na uso ni kukaribisha oksidi ya nitrasi, gesi joto kali kupita methani, pamoja na hatari ya kutiririkia mtoni. Uamuzi wetu ni kuitenganisha bayoslari, kupeleka sehemu yenye naitrojeni na fosforasi kwenye mashamba makavu ya udongo wa madini yanayoihitaji, na kurudisha shambani potasiamu peke yake kwa kiasi kinacholingana na kilichoondolewa.

Desemba

Tangi la majaribio limelishwa saileji ya nyasi pamoja na samadi ya maji ya ng'ombe tangu vuli, kwenye nyuzijoto 40 hivi, na mwezi huu umetufundisha zaidi ya mingine kuhusu tabia ya nyasi ndani ya maji.

Tatizo la kwanza ni kwamba nyasi huelea. Vipande vikavu vyenye vyumba vya hewa hupanda juu, hufungamana na viputo vya gesi, na kuwa mkeka mzito unaoizuia gesi kupanda. Nyuzi ndefu nazo hujiviringisha kwenye mikono ya kukorogea. Tumebadilisha mambo mawili. Kwanza, saileji inapita kwenye mashine ya skurubu mbili inayoisaga na kuichana nyuzi kabla ya kuingia tangini. Inakula umeme, na umeme huo umeandikwa kwenye hesabu, lakini nyasi iliyochanwa inalowa haraka na inazama. Pili, mikono ya kukorogea imewekwa kwenye vimo viwili, mmoja ukiwa karibu na uso, na inazunguka polepole kwa muda mrefu badala ya haraka kwa muda mfupi.

Tatizo la pili ni la kemia. Vijidudu vya mwisho katika mnyororo, wale arkea wanaotengeneza methani, wanahitaji nikeli, kobalti, molibdeni na seleni kwa viwango vidogo sana, na nyasi peke yake haiwapi vya kutosha. Tangi linalolishwa nyasi tupu huanza vizuri, kisha baada ya miezi kadhaa, mbegu ya awali inapokuwa imekwisha kuoshwa, asidi ya propioniki huanza kupanda. Samadi ya ng'ombe inayaleta madini hayo na kuituliza pH, na kwa hiyo hatuioni kama kijazio; ni mshirika wa nyasi. Tunapima uwiano wa asidi tete na uwezo wa kuzuia uchachu kila wiki, na tunapunguza chakula mara uwiano unapoanza kupanda, bila kungoja gesi ishuke, kwa kuwa gesi ni ya mwisho kutoa habari.

Nyasi inahitaji muda mrefu ndani ya tangi. Tumelipanga likae na kila shehena kwa zaidi ya siku 60, na mzigo wa kila siku haupandi juu ya kilo 3 za maada ogania kwa mita ya ujazo. Tangi la nyasi za kinamasi lazima liwe kubwa kuliko la mahindi kwa gesi ileile, na mwekezaji anayeambiwa vinginevyo anadanganywa.

Januari

Hesabu ya gesi joto imeanza kujazwa, na mstari unaonisumbua kuliko yote ni uvujaji. Turudi kwenye mfano wa mita za ujazo 5,000 za methani kwa hekta, unaookoa karibu tani 10 za hewa ukaa. Asilimia 1 ya methani hiyo ni mita za ujazo 50, yaani kilo 36 hivi, na methani ya asili ya mimea ina nguvu ya kupasha joto mara 27 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo kila asilimia moja inayovuja inakula takriban tani moja kati ya zile kumi. Mtambo unaovuja asilimia 5 umekwisha kutupa nusu ya faida yake. Bomba lililolegea, valvu ya usalama inayopumua mara kwa mara, na hasa bwawa la bayoslari lisilofunikwa, ambamo mabaki ya nyasi yanaendelea kutoa gesi kwa wiki nyingi, ndipo mahali pa kuangalia kwanza. Bwawa letu limefunikwa na gesi yake inarudishwa kwenye mtambo. Muda mrefu wa kukaa tangini, uliolalamikiwa kwenye hesabu ya Desemba, unalipa hapa, kwa kuwa kinachotoka kimekwisha kuchoka.

Upande wa shamba, chemba zinaonyesha kwamba hewa ukaa kutoka kwenye peti imepungua kwa kiasi kikubwa pale maji yalipobaki juu, na methani imeongezeka, zaidi kwenye madimbwi kuliko kwenye nyasi iliyosimama. Katika mizani ya gesi hizi mbili, shamba lenye maji linashinda kwa mbali. Faida hiyo ni kubwa kuliko ile ya gesi tuliyoizalisha, na ndivyo tulivyotarajia.

Februari

Ripoti ya mwaka inaandikwa, na imebidi tuwekee mradi mipaka kwa maneno yasiyo na utata. Ushauri wetu unahusu peti ambayo tayari imekaushwa. Hauhusu hata kidogo misitu ya kinamasi ambayo bado iko salama, kama ile ya bonde la Kongo, ambayo ramani yake ya kwanza kamili ya peti ilichapishwa mwaka 2017 na kuonyesha eneo la kilomita za mraba 145,500 lenye takriban tani bilioni 30 za kaboni. Hakuna nyasi wala gesi inayoweza kuhalalisha kuligusa eneo kama hilo. Kazi pekee ya busara huko ni kuliacha na maji yake na watu wake.

Kwa ardhi iliyokwisha kukaushwa, mahitaji yataongezeka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kurejesha uasili, iliyoanza kutumika Agosti 2024, inazitaka nchi wanachama kuchukua hatua kwenye asilimia 30 ya peti ya kilimo iliyokaushwa ifikapo mwaka 2030, na angalau robo ya eneo hilo irudishiwe maji. Mkulima anayeambiwa azibe mifereji yake ana haki ya kuuliza atavuna nini, na jibu lisilomlipa si jibu. Kwa maoni yangu mapato ya gesi peke yake hayatoshi; lazima alipwe pia kwa kaboni aliyoiacha ardhini na kwa fosforasi aliyoizuia isifike mtoni, na ripoti yetu inalisema hilo kwa takwimu za shamba.

Kwa msimu ujao tumekubaliana yafuatayo. Mbao za juu za vizuizi hazitatolewa kwa ajili ya mkato wa kwanza. Mashine itaingia maji yakiwa yalipo, na mahali isipoweza kuingia hapatakatwa. Sehemu ya festuka iliyodhoofika baada ya mafuriko ya vuli itapandwa phalaris. Potasiamu itarudishwa kwa viwango vitatu tofauti ili tuone ni kidogo kiasi gani kinatosha. Tangi litajaribiwa kwa nyasi zaidi na samadi pungufu, hatua kwa hatua, huku madini ya nikeli, kobalti na seleni yakipimwa kila mwezi, na upimaji wa uvujaji kwa kamera ya gesi utafanywa kabla ya shehena ya kwanza ya nyasi mpya kuingia.